Sura Bila Majina: Filamu za Vita Vikuu na Historia ya Wagusii

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa historia wa siku hizi anayo njia moja ya kuvijua Vita Vikuu viwili vya Dunia ambayo wanahistoria wa vita vya kale hawakuwa nayo. Anaweza kuketi na kutazama filamu zilizopigwa wakati ule ule wa vita, akawaona watu wakipiga hatua, wakivuka mito, wakibeba majeruhi na kuwashiana sigara. Imperial War Museum ya London, iliyoanzishwa mwaka 1917, inamiliki mojawapo ya hifadhi kongwe kabisa za filamu duniani, na vita hivyo ndivyo msingi wa hifadhi hiyo.

Endapo mwanafunzi huyo ni mtu wa Kisii au wa Nyamira, naye akataka kuwaona watu wa kwao katika mikanda hiyo, atakabiliwa na matatizo mawili. La kwanza ni kwamba mapigano yaliyofanyika nyumbani kwao hasa hayakupigwa picha za sinema. La pili ni kwamba katika filamu zile ambazo Waafrika wa Mashariki wanaonekana, mara nyingi hawakuandikwa majina yao, wala makabila yao, wala vijiji walikotoka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya Wagusii katika vita hivyo imegawanyika nusu mbili zilizotengana. Hifadhi za filamu zina sura bila majina. Nyumba za Kisii na Nyamira zina majina bila sura. Tutajaribu kueleza jinsi mgawanyiko huo ulivyotokea, kisha tutatoa hoja kwamba kuziunganisha nusu hizo ni kazi ya wataalamu wa lugha sawasawa na ilivyo kazi ya wanahistoria.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze jambo moja kuhusu majina ya mahali. Wagusii hujiita Abagusii, na lugha yao ni Ekegusii. Wakati wa vita vyote viwili nchi yao ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kusini katika Nyanza. Nyamira ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 1989, na chini ya Katiba ya mwaka 2010 Kisii na Nyamira zikawa kaunti mbili. Kwa hiyo kila tunaposoma jina la Kisii katika nyaraka za wakati wa ukoloni, hapana budi tukumbuke kwamba Nyamira imo ndani yake.

2. Mapigano yasiyopigwa picha

Vita vilipotangazwa huko Ulaya mnamo Agosti 1914, nchi ya Wagusii ilikuwa karibu na mpaka wa makoloni mawili yaliyokuwa ya mahasimu. Kusini kulikuwa na Afrika Mashariki ya Wajerumani, na njia ya kutoka Mwanza kwenda kaskazini ilipita kando ya ziwa. Mwezi wa Septemba safu ya jeshi la Wajerumani ilivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii, ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuhama. Tarehe 12 Septemba kikosi cha Batalioni ya 4 ya King's African Rifles, kilichotoka upande wa Uganda na kuvuka ziwa kikiongozwa na Kapteni E. G. M. Thorneycroft, kiliwashambulia Wajerumani hao. Mapigano yalikuwa makali. Thorneycroft aliuawa, na Wajerumani nao walipata hasara iliyowalazimu kurudi walikotoka.

Kwa muda mfupi mji ulibaki bila mwenyewe. Watu wa vilima vya karibu waliingia wakachukua mali katika ofisi za serikali na katika maduka ya Wahindi. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, iliyofunguliwa mwaka 1911, na ile ya Waadventista ya Nyanchwa, iliyofuata baadaye kidogo, nazo hazikusalimika. Waingereza waliporudi, waliwatoza watu faini ya ng'ombe kwa nguvu za silaha.

Msomaji asiyejua yaliyotangulia anaweza kudhani kwamba huo ulikuwa wizi tu wa watu waliopata nafasi. Lakini mambo yalikuwa na mizizi. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilikuwa limekuja kuwaadhibu Wagusii. Mwaka 1907 G. A. S. Northcote alifungua kituo cha serikali. Mnamo Januari 1908 Otenyo, ambaye masimulizi yanasema alichochewa na Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa kwa maono yake, alimchoma Northcote mkuki. Northcote alipona, lakini jeshi lilirudishwa, nyumba zikachomwa moto na ng'ombe wakatwaliwa. Pamoja na hayo, yalikuwapo maneno yaliyonasibishwa na mtabiri Sakawa, kwamba wazungu watakuja na kisha watakwenda zao. Kwa hiyo, mwaka 1914, watu walipowaona Waingereza wakiuhama mji, na kisha wazungu wakiuana wenyewe kwa wenyewe, wengi waliona kwamba yaliyotabiriwa yanatimia. Haikuwa ajabu basi kwamba dini ya Mumbo, iliyoanza mwaka 1913 kwa Onyango Dunde wa Alego na kuhubiri kuondoka kwa wazungu, ilipata wafuasi wengi katika nchi ya Wagusii.

Hakuna mkanda wa filamu unaoonyesha siku hiyo ya Septemba, na sababu zake ni wazi. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito, zikasimamishwa juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono. Tena jeshi la Uingereza lenyewe lilikuwa bado halijakubali wapiga sinema. Wapiga sinema rasmi wa kwanza walipelekwa Ufaransa mnamo Novemba 1915 tu. Filamu iliyoutambulisha umma wa Uingereza kwa vita hivyo, The Battle of the Somme, ilipigwa na Geoffrey Malins na J. B. McDowell, ikaonyeshwa kuanzia Agosti 1916. Inakadiriwa kwamba katika majuma sita ya kwanza iliuza tiketi milioni 20. Tangu hapo vita vya 1914–1918, katika mawazo ya watu wengi duniani, vikawa ni matope na mahandaki ya Ufaransa. Mtoto wa shule wa Kisii anayeonyeshwa filamu za vita hivyo huona Ulaya, akatoka darasani akiamini kwamba vita havikufika kwao, hali vilipiganwa katika mji anaokwenda siku za gulio.

Hata hivyo, tusiipe kamera sifa isiyostahili. Inajulikana kwamba hata katika filamu hiyo ya Somme, tukio maarufu la askari wanaotoka handakini na mmoja wao kuanguka halikupigwa vitani bali liliigizwa nyuma ya mstari wa mapigano. Na lau kama mpiga sinema angalifuatana na Kapteni Thorneycroft, angalituachia picha ya moshi na ya watu waliolala kifudifudi kwenye nyasi. Asingaliweza kutuonyesha maneno ya Sakawa yakizunguka katika vichwa vya wale waliotazama kutoka vilimani. Jambo hilo limehifadhiwa na masimulizi ya Ekegusii, na ndilo linaloeleza yaliyofuata. Kukosekana kwa filamu ni hasara, lakini si giza tupu.

3. Wapagazi wa Kariakoo

Baada ya Kisii, vita viligeuka kuwa kazi ya kubeba. Barabara zilikuwa chache, wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, na kwa hiyo chakula na risasi za majeshi vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali ya Afrika Mashariki ya Kiingereza uwezo wa kuwachukua watu kwa nguvu, na mshahara wa mpagazi ukashushwa hadi kiasi cha rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917, jeshi lilipoingia kusini mwa Tanganyika, ukafanywa msako mkubwa wa watu chini ya uongozi wa John Ainsworth, na wilaya za Nyanza zilitoa sehemu kubwa. Wataalamu hukadiria kwamba upande wa Waingereza ulitumia wapagazi takriban milioni moja katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na kwamba zaidi ya 40,000 kutoka nchi ambayo leo ni Kenya walikufa. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi ya tumbo, malaria na njaa.

Watu hawa ndio waliopata sehemu ndogo kabisa katika kumbukumbu za picha. Hata katika picha za mnato, kama zile za Mjerumani Walther Dobbertin zinazohifadhiwa katika Bundesarchiv huko Ujerumani, macho ya mtazamaji huongozwa kwa ofisa, kwa askari na kwa mzinga. Mpagazi huonekana akiwa sehemu ya mstari mrefu, na mzigo umemfunika uso.

Majina nayo yalipotea. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kamati yake maalumu, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini hadi 350,000, waliokufa kwa ajili ya Dola ya Kiingereza katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Sanamu ya ukumbusho ya Nairobi, iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, inamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Lakini haina jina la hata mmoja wao.

Hapa wanafunzi wa lugha watakuwa wamekwisha kutambua jambo. Yale ambayo filamu na mawe havikuyahifadhi, neno moja la Kiswahili limeyahifadhi. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wasemaji wa Kiswahili walilichukua jina hilo, wakalitia irabu na kulilainisha hata likawa Kariakoo, na leo ni jina la sehemu maarufu ya Dar es Salaam. Nairobi nako kuna Kariokor. Maelfu ya watu hununua mboga na nguo katika mahali hapo kila siku. Neno limewekwa na watu wenyewe, bila amri ya mtu, nalo limedumu kwa zaidi ya miaka 100. Kwa mtazamo wetu, huo ni waraka wa historia kamili.

4. Keya na kamera, 1939–1945

Katika Vita Vikuu vya Pili hali ilikuwa tofauti. Kenya peke yake ilitoa watu karibu 98,000 kwa majeshi. Askari wa King's African Rifles, ambao kwa Kiswahili waliitwa Keya, walipigana na Waitalia katika Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941, na baadaye wakapelekwa Asia. Wagusii walikuwamo katika vikosi hivyo pamoja na makabila mengine ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, na watu 1,297 wakafa. Miongoni mwao walikuwa mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliofika Burma waliingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kuanzia Agosti 1944, katika mvua za masika ya huko, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw ikiwafuata Wajapani, na mwanzoni mwa Desemba ikautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Hapo wahandisi walijenga daraja la Bailey lililoelea juu ya maji, lenye urefu wa futi 1,154, ambalo majeshi yalilitumia kusonga mbele.

Safari hii kamera zilikuwapo. Jeshi la Uingereza lilikuwa na Kitengo cha Filamu na Picha tangu mwaka 1941, na wapiga picha wake walikuwa wanajeshi waliofuatana na vikosi. Ni muhimu kuielewa namna walivyofanya kazi, kwa kuwa namna hiyo ndiyo iliyoamua tunachokiona leo. Mpiga picha alitumia mikanda mifupi ya futi 100, na kila mmoja ulidumu kidogo zaidi ya dakika moja. Mkanda haukuchukua sauti yoyote. Kila mkanda ulipelekwa pamoja na karatasi ya maelezo, ambayo mpiga picha aliandika tarehe, mahali, kikosi na jambo lililotukia. Sauti za bunduki, muziki na maneno ya msimulizi vilitiwa baadaye studioni. Ndivyo ilivyotengenezwa filamu Burma Victory ya mwaka 1945, chini ya uongozi wa Roy Boulting.

Kwa hiyo mtazamaji wa filamu za namna hiyo anapomsikia msimulizi akisema kwa Kiingereza fasaha huku askari Mwafrika akipita mbele ya macho yake, hana budi kujua kwamba sauti ile haikuwako pale. Askari alikuwa akisema neno lake mwenyewe, na neno hilo halikunaswa. Karatasi za maelezo nazo mara nyingi humtaja ofisa au askari Mwingereza kwa jina, kwa kuwa picha yake iliweza kuonyeshwa katika mji wa kwao. Mwafrika huitwa askari tu.

Juu ya hayo, mikanda hii inaweza kuulizwa maswali ikajibu. Divisheni ya 11 ilikuwa na alama ya kichwa cha kifaru, ambayo askari waliivaa begani. Alama hiyo ikionekana, mtafiti anajua divisheni. Tarehe na mahali vilivyomo katika karatasi ya maelezo vinaweza kulinganishwa na kumbukumbu za kila batalioni, akajua ni kikosi kipi kilikuwa pale siku ile. Orodha za askari, zikipatikana, zitampunguzia idadi ya watu wanaoweza kuwa yule anayemtazama. Lakini njia hiyo humfikisha mlangoni tu. Anayeweza kusema, "Huyu ni fulani wa Bobasi," au, "Huyu ni wa Mugirango ya Kaskazini," ni mtu aliyemfahamu.

5. Sauti ya mkalimani

Mpaka sasa tumewazungumzia Waafrika waliopigwa picha. Hapana budi tuwataje pia Waafrika waliotazama. Majaribio ya kuwaonyesha watu wa vijijini sinema katika Afrika Mashariki yalianza kabla ya vita. Kati ya 1935 na 1937, Major L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment wenye makao yake Vugiri, Tanganyika. Walitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na maisha ya kila siku, wakazizungusha kwa lori. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyafanya makoloni yaunge mkono vita. Kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu inayokwenda haraka. Kwa hiyo aliagiza picha ziwe ndefu na za polepole, na hadithi iwe nyepesi. Dhana hiyo haikusimama juu ya uchunguzi wa kutosha, na wataalamu wa baadaye wameikanusha.

Filamu hizo zilionyeshwa kwa magari ya sinema, usiku, katika viwanja vya wazi. Pale ambapo watu hawakujua Kiingereza alisimama mkalimani akizieleza picha kwa lugha ya mahali hapo. Hapa ndipo penye jambo ambalo historia ya sinema imelipa uzito mdogo mno. Kwa mtazamaji asiyejua Kiingereza, maana ya filamu haikuwa katika mkanda bali katika kinywa cha mkalimani. Mkanda ulitoka London, ukawa ni ule ule Kisii, Lagos na Zomba. Maneno yalikuwa mapya kila usiku. Mkalimani alilazimika kutafuta namna ya kueleza dola, demokrasia, uhuru wa mataifa na adui asiyeonekana. Je, maneno ya namna hiyo yaliingiaje katika Ekegusii? Alitumia neno la Kiswahili, au alitafuta la kale la nyumbani? Na watu waliosikia kwamba Uingereza inapigania uhuru wa wengine walijiuliza nini juu ya uhuru wao wenyewe?

Mkanda umehifadhiwa London na maneno ya mkalimani yamepotea. Hivyo mwanahistoria anayeitazama filamu hiyo leo kwa kusikiliza Kiingereza chake peke yake anasoma kitabu ambacho wasomaji wa wakati ule hawakukisoma kamwe.

6. Midomo isiyosomwa

Mfano mmoja wa miaka ya karibuni utatusaidia kuona jambo lililo mbele yetu. Mwaka 2018, katika kuadhimisha miaka 100 tangu kumalizika kwa vita vya kwanza, mtengenezaji filamu Peter Jackson wa New Zealand alitoa filamu They Shall Not Grow Old. Alitumia mikanda ya Imperial War Museum, akarekebisha mwendo wake, akaitia rangi. Kwa kuwa mikanda ile haikuwa na sauti, aliajiri wataalamu wa kusoma midomo, nao wakatambua maneno ya baadhi ya askari. Kisha wasemaji wa lahaja zilizolingana na vikosi vya askari hao wakayatamka upya. Masimulizi yake yote yalichukuliwa katika mahojiano ya zamani na askari wenyewe. Watazamaji wengi walisema kwamba kwa mara ya kwanza waliwaona watu wale kuwa binadamu kamili.

Sasa tujiulize: nani atasoma midomo ya askari wa Divisheni ya 11? Amri zilitolewa kwa Kiswahili cha jeshini, ambacho kilikuwa na msamiati wake na sarufi iliyorahisishwa, nacho hakijachunguzwa kwa kadiri inavyostahili. Baada ya amri, watu waliokaa pamoja kando ya moto walirudia lugha zao: Ekegusii, Dholuo, Kikamba, Chichewa. Ekegusii ni lugha yenye irabu saba na yenye toni. Toni haionekani mdomoni, na msomaji wa midomo atalazimika kuijua lugha kwa ndani ili akisie neno kwa muktadha. Mtaalamu wa London, hata awe hodari namna gani, hawezi kuifanya kazi hiyo. Mtu aliyelelewa Keroka au Ogembo akifundishwa, anaweza kuijaribu.

Hatusemi kwamba kila mkanda utatoa maneno. Mingi haitatoa. Lakini tofauti kati ya askari Mwingereza aliyerudishiwa sauti na askari Mgusii aliyebaki bubu haitokani na mkanda, kwa kuwa mikanda yote miwili ilikuwa bubu. Inatokana na lugha zipi zilihesabiwa kuwa zinafaa kutafutwa.

7. Kazi iliyobaki na muda uliobaki

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya filamu huoza. Mikanda mingi ya kabla ya miaka ya 1950 ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ambayo hushika moto upesi, na ikizeeka hugeuka kuwa unga. Hifadhi kubwa za Ulaya zimenakili mikanda mingi na kuitia katika kompyuta. Mwaka 2010 ulifunguliwa mtandao wa Colonial Film, wenye maelezo ya filamu zaidi ya 6,000 zinazohusu makoloni ya Uingereza. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka kwenye intaneti filamu zake zipatazo 85,000. Mtu wa Nyamira mwenye simu anaweza leo kuona kile ambacho miaka 30 iliyopita kilihitaji tiketi ya ndege. Kizuizi kilichobaki ni maelezo yenyewe. Yameandikwa kwa Kiingereza, na anayetafuta mtu wa kwao hana neno la kutafutia isipokuwa askari.

Kumbukumbu za watu nazo zinaoza upesi kuliko mikanda. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 huko Kalewa mwaka 1944 amepita miaka 100. Watoto waliomwona akirudi na koti lake la jeshi ni wazee sasa. Hao ndio wa mwisho wanaoweza kuitambua sura kwa kuwa waliiona, si kwa kuambiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua nne. Kwanza, idara za lugha na za historia zikusanye nakala za mikanda inayoonyesha vikosi vya Afrika Mashariki, pamoja na karatasi zake za maelezo, na kuweka seti moja katika Nyaraka za Taifa za Kenya, ambazo zimekuwapo kwa sheria tangu mwaka 1965. Pili, mikanda hiyo ionyeshwe vijijini kwa utaratibu maalumu. Wazee watazame mmoja mmoja, wasiambiwe kwanza ni nani au ni wapi, na utambuzi usikubaliwe mpaka watu wawili wasioshauriana waafikiane. Hamu ya kumwona baba ni kubwa, na hamu huweza kumdanganya hata mtu mkweli. Tatu, maneno ya watazamaji yarekodiwe kwa lugha waliyoitumia, yaandikwe kwa Ekegusii, kisha yatafsiriwe kwa Kiswahili. Tukianza kwa Kiingereza tutakuwa tumerudia kosa lile lile la studio ya London. Nne, pale sura ya marehemu inapotambuliwa, hasa akiwa amejeruhiwa au amekufa, jamaa zake waulizwe kabla picha haijatumiwa popote. Picha hiyo ni nyaraka kwa mtafiti, lakini kwao ni mtu.

Kwamba jambo hili linawezekana, tunao ushahidi wa Afrika ya Magharibi. Mwaka 2011 televisheni ya Al Jazeera ilionyesha filamu juu ya Isaac Fadoyebo wa Nigeria, aliyejeruhiwa Burma mwaka 1944 na kufichwa na wanakijiji mpaka alipookolewa. Aliweza kutafutwa na kupatikana kwa sababu alikuwa ameandika habari zake mwenyewe, akajitaja jina. Askari wengi wa Kisii hawakuandika. Walisimulia, na waliosikia bado wapo.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mapigano ya Kisii ya mwaka 1914 hayakupigwa picha, lakini maana yake imebaki katika masimulizi. Kwamba wapagazi walikosa picha na majina, lakini walibaki katika neno Kariakoo. Kwamba Keya walipigwa picha wakanyimwa majina na sauti. Na kwamba waliotazama sinema walisikia maneno ambayo hayakuhifadhiwa. Katika kila hatua pengo la hifadhi ya filamu limekuwa ni pengo la lugha. Wanahistoria wamefanya mengi: kitabu cha Robert Maxon cha mwaka 1989 juu ya Wagusii na Waingereza ni mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Lakini kuitambua sura ya mtu, kulisikia neno lake na kuliandika kama alivyolitamka ni kazi ya wenye lugha.

Mikanda ipo na itaendelea kunakiliwa. Wanaoweza kutuambia ni nani aliyemo ndani yake ni wazee, na wanapungua. Wanafunzi wa idara hizi wanaokwenda kwao Kisii na Nyamira wakati wa likizo wanaweza kuanza kazi hii sasa, kwa kuwauliza wazee wa nyumbani nani alikwenda vitani na kuyaandika majina yao.